Cheni Waliyoambiwa Haifi

Wewe unayetaka kununua gari hapa Juba, hasa wewe mama mwenye mtoto mgonjwa nyumbani, ngoja kwanza. Keti. Sikia yaliyompata Florence wa Hai Mauna, ukimaliza ndipo uende yadi, na ukienda ujue unakwenda kwa watu wa namna gani.

Florence alikuwa na binti wa mwisho, Pearl, aliyezaliwa na kifua kibaya. Watoto waliomtangulia walikwisha kuwa watu wazima na kila mmoja alishika njia yake, lakini huyu ndiye aliyemfanya mama yake alale sikio likiwa macho. Vumbi likipanda, kifua kinabana. Majirani wakichoma takataka, kifua kinabana. Mtoto anavuta hewa kama anayenyonya kwa mrija ulioziba, mabega yanapanda, midomo inabadilika rangi, na mama mtu anatamani ampasulie kifua chake mwenyewe ampe. Daktari wa kliniki alimpa Florence mashine ndogo ya kugeuza dawa kuwa mvuke, yenye barakoa ya kuvaa puani na mdomoni, akamwambia, "Mama Pearl, mashine hii bila umeme ni sufuria tu. Hakikisha umeme uko karibu."

Umeme wa mji ulikuwa umefika barabara kubwa ukasimama hapo hapo. Nguzo zake Florence aliziona vizuri akiwa uani kwake, zimepangana kama watu wanaokuangalia na hawakusalimii. Mumewe, Jacob, alikuwa askari kule Bilpam, na mshahara wake ukija unakuja umechoka. Basi kaka yake Florence, Johnson, anayeishi Australia, akasema kwenye simu: dada, nunua jenereta, nitakusaidia. Florence akaenda Hai Jalaba kutafuta jenereta. Akarudi na gari.

Ilikuwaje? Mugisha ndiye ilikuwaje. Mugisha alikuwa Mganda mwenye yadi ya magari yaliyokwisha kutumika huko ng'ambo, mtu mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za joto la kupasua kichwa, na ulimi laini kuliko samli. Alimwona Florence akipita mbele ya yadi na bei za jenereta kichwani, akamwita.

"Nyabo, mama, karibu, kaa kivulini. Unatafuta nini na jua hili?"

"Jenereta. Binti yangu, Pearl, anatumia mashine ya kifua."

"Ah! Malesh, pole mama." Mugisha akaweka mkono kifuani kama aliyepewa habari za msiba. "Lakini nikuulize kama ndugu. Usiku mtoto akizidiwa, mashine ikashindwa, utampakia kwenye jenereta umpeleke hospitali?"

Florence angejibu nini? Neno lile lilikwenda moja kwa moja mahali ambapo alikuwa anaogopa.

Mugisha akamshika mkono akampeleka kwenye gari dogo jeupe, akafungua mlango, akachomoa waya chini ya dashibodi na kumwonyesha kisanduku chenye matundu ya plagi. "Hii inaitwa inveta. Nimefunga mwenyewe, zawadi, silipishi. Unawasha injini, unachomeka mashine, mtoto anapumua. Unachomeka simu, taa, redio, chochote. Gari na jenereta kwa ufunguo mmoja."

"Na injini haitachoka, kusimama inanguruma hivyo?"

"Ichoke?" Mugisha akacheka. "Magari mengine yana belti ya taimingi ndani ya injini, ya mpira. Ile ndiyo inakatika, ndiyo unabadilisha. Hii ina cheni. Chuma, mama, ndani ya oili. Cheni haifi. Utazeeka wewe, Pearl ataolewa, cheni iko. Wewe angalia oili tu. Namba ya kilomita nimekuandikia hapa kwenye kioo. Mita ikifika hapa, unabadilisha. Haijafika, usiguse."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wala usimcheke Florence. Aliuliza lile alilopaswa kuuliza, akajibiwa na mtu aliyejua.

Gaetano, katekista wa kanisa lao, alilinyunyizia gari maji ya baraka, akalipenda, naye akaenda kwa Mugisha akanunua la namna hiyo hiyo. Jolly, mama wa Kiganda mwenye hoteli ya chakula karibu na soko, akafuata. Mtaa ukawa na magari matatu yanayofanana kama mapacha.

Na sasa sikiliza, maana hapa ndipo sisi watu wa Juba tulipojifunga kamba wenyewe. Gari la mjini kwetu haliendi mbali. Linakwenda sokoni, shuleni, kanisani, linarudi. Lakini kusimama linasimama likinguruma. Pearl akibanwa, Florence anawasha. Majirani wanaleta simu zao kuchaji, utawafukuza? Kukitokea msiba kwa ndugu, gari linaitwa kabla hata ya sufuria. Linaegeshwa kando ya turubai, linawashwa asubuhi, linaendesha kipaza sauti cha wanaoimba na taa na simu za waombolezaji wote mpaka jua linazama. Kukataa ni kujitoa kwenye ukoo. Gaetano lake lilikuwa linapigisha kinanda cha kanisa. Jolly lake lilikuwa linapoza soda na kuonyesha mpira kwa wateja.

Na namba ya kilomita? Ilikaa pale pale. Florence alikuwa anaichungulia kila wiki, mwaminifu kama mtu wa novena, anaona bado iko mbali na ile iliyoandikwa kwenye kioo, anashukuru Mungu. Gari bado jipya! Hakuna aliyemwambia kwamba injini haijui kilomita. Injini inajua imefanya kazi kwa saa ngapi, na oili inazeeka hata gurudumu lisipozunguka.

Kwanza ilianza kelele ya asubuhi, pale unapowasha tu, kama mtu anatikisa misumari ndani ya mkebe. Ilikuwa inanyamaza injini ikipata joto. Florence akaipigia yadi simu. Mugisha akasema, "Ni baridi, mama."

Baridi. Juba.

Siku lilipokufa lilikuwa limesimama uani, alasiri, upepo umeleta vumbi la barabara ya malori. Pearl alikuwa ameketi kiti cha nyuma, barakoa usoni, miguu inaning'inia, mashine inakoroma mapajani kwake. Florence alikuwa anamfutafuta jasho. Pakasikika mlio mmoja ndani ya boneti, mkavu, kama jino linavunjwa. Injini ikazima. Mashine ikazima. Mvuke ukakatika kwenye barakoa, na juu ya barakoa Florence akaona macho ya mtoto wake yakimtazama, yanauliza.

Akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka nyepesi, tupu, haikushika. Akazungusha tena. Alipiga usukani kwa ngumi. Halafu akamtwaa mtoto, akatoka mbio bila viatu mpaka penye bodaboda, na wakaruka mashimo yote ya njia ya hospitali, Pearl katikati, Florence nyuma akimwambia sikioni, "Vuta mama, vuta, vuta," mpaka yeye mwenyewe akaishiwa pumzi.

Pearl alipona siku ile. Nakuambia mapema ili usisome ukiwa roho juu kama Florence alivyokuwa.

Fundi wa mtaa, Laku, alilivuta gari mpaka gereji yake, akafungua injini. Florence alikuta pale gari la Gaetano limefunguliwa vile vile, na la Jolly limesimama nyuma likingoja zamu.

"Ni ugonjwa mmoja," Laku akasema. "Cheni imelegea, imeruka meno, valvu zimegongana na pistoni zikapinda. Hii aina ya gari cheni yake ni dhaifu, hata Kampala wenye nayo wanalia. Na oili yenu, tazama." Akachovya kidole, kikatoka cheusi, kinavutika kama lami. "Mmewasha sana mkiwa mmesimama. Gari dhaifu, na matumizi haya. Imekufa kabla ya wakati wake."

"Kwa hiyo kosa ni la nani?" Gaetano akauliza.

"Mimi ni fundi, mwalimu," Laku akajibu. "Si hakimu."

Basi wakaenda yadi wote watatu pamoja. Walikuwa wamepanga Gaetano aanze kwa sababu anajua kusema mbele za watu, lakini Jolly hakuweza kungoja.

"Mugisha, mimi gari yangu iko tu pale kwa Laku, haisongi! Uliniambia cheni haifi. Sasa imekufa, nakuletea matanga!"

"Dada Jolly, polepole, wateja wanasikia."

"Wasikie! Nataka wasikie!"

Mugisha hakukasirika. Aliwaletea viti na maji ya chupa. Akauliza kila mmoja, kwa upole kama padri, gari lake lilikuwa linafanya kazi gani. Nao, kwa ujinga wa watu wasio na hatia, wakamweleza: kinanda, friji, msiba, mashine. Alipokwisha kusikia yote, akapiga makofi mara moja.

"Khalas! Mmejijibu wenyewe. Mimi niliuza magari, nyinyi mkafanya majenereta. Cheni hizi hazikufa barabarani. Zimekufa matangani kwenu."

Nao, badala ya kumgeukia Mugisha, wakageukiana. Hivyo ndivyo tulivyo.

"Kinanda cha masaa yote," Jolly akamwambia Gaetano. "Mungu ni kiziwi?"

"Na wewe mpira wa Uingereza, je? Mungu ndiye alikuwa anacheza?"

"Mimi nilikuwa nauza chakula! Wewe ulikuwa unauza nini?"

Florence ndiye aliyesimama. "Ngojeni. Nani alituwekea kile kisanduku? Mimi nilikuja hapa kutafuta jenereta. Mugisha, nilikuuliza injini itachoka? Ulisema nini?"

"Nilikupa zawadi, mama," Mugisha akasema, na sasa hakuwa anatabasamu. "Mtu akikupa kisu cha jikoni ukajikata, utamshtaki?"

Gaetano na Jolly walitoka wakiendelea kurushiana maneno hadi barabarani. Florence naye alikuwa anaondoka. Mugisha akamwita pembeni, akamwingiza stoo nyuma ya ofisi ili wasisikike.

"Mama Pearl, wewe si kama hao. Wewe una mtoto. Nitakutengenezea gari, cheni mpya, valvu, kila kitu, bure. Kuna rafiki yako, Janepher. Amekuja hapa mara nyingi, anataka ile nyeupe ya mwisho, lakini amesikia maneno ya mtaani anaogopa. Wewe mwambie tu kwamba lako lilikuwa zuri, dereva ndiye aliyeliharibu. Neno moja."

Lakini macho ya Florence yalikuwa yameona rafu nyuma ya kichwa cha Mugisha. Maboksi yamepangwa kutoka chini hadi juu, na kila boksi limechorwa picha moja: cheni. Si taa, si breki, si vioo. Cheni, na zote za gari lile jeupe.

"Hizi za nini?" akauliza.

Mugisha akageuka akatazama rafu, akarudisha macho. Hakuona haya hata kidogo. "Biashara, mama. Watu watazihitaji."

"Ulijua."

"Najua magari. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nipe jibu kesho."

Njiani kwenda kwa Janepher, Florence alijitetea kwa kila namna. Janepher si mtoto mdogo. Janepher hana mgonjwa, gari likifa atatembea kwa miguu, nani amekufa kwa kutembea? Pearl ndiye atakayekufa. Akifika pale atasema lile neno moja, atarudi, gari litatengenezwa. Mama gani angemlaumu? Sema wewe unayesoma. Mimi simlaumu.

Lakini Janepher hakuwa mtu wa njiani. Walikua pamoja kwenye kambi ya wakimbizi Uganda, wakilala mkeka mmoja, wakipokezana sare moja ya shule, huyu asubuhi, yule mchana. Florence alipoingia, Janepher alikuwa anachambua mboga chini ya rakuba, kibanda cha kivuli uani, akainua uso, akasema, "Mama Pearl, afadhali umekuja. Niambie wewe. Wengine wote wananichanganya."

Na lile neno moja likakataa kutoka.

"Usinunue," Florence akasema. Akaeleza yote: cheni, oili, kisanduku, rafu ya maboksi, hata ahadi ya bure.

Janepher alisikiliza mikono ikiendelea na mboga. Florence alipomaliza, mikono ikasimama.

"Mugisha alisema utakuja na habari hizi."

"Alisema?"

"Alikuja hapa jana. Alisema umeunguza gari lako kwa kuliwasha mchana kutwa, sasa unataka akutengenezee bure, amekataa, na kwa hasira utazunguka kumharibia."

Florence akaona jinsi alivyokamatwa. Mugisha alikuwa amefunga mlango wa huku kabla ya kumfungulia wa kule. Angesema vizuri, gari lingeuzwa. Amesema vibaya, gari linauzwa.

"Janepher. Tumelala mkeka mmoja."

"Ndiyo. Na wewe umepanda gari mwaka mzima, mimi nakwenda kwa miguu, sikusema kitu. Ulipita hapa ukinirushia vumbi, nikakupungia mkono. Sasa zamu yangu imefika ndiyo magari yote yamekuwa mabaya?"

"Si hivyo dada, wallahi."

"Kunywa chai uende, Mama Pearl. Mtoto wako yuko peke yake."

Florence hakunywa chai. Kesho yake hakwenda kwa Mugisha kutoa jibu, na Mugisha hakupiga simu. Gari lake lilibaki kwa Laku, kuku wakalala ndani. Juma lile lile Janepher alipita na gari jeupe lililofungwa utepe mwekundu mbele, honi juu, watoto wamejaa madirishani. Hakupunga mkono.

Ukafika msimu wa upepo. Kijana mmoja wa mtaani anayechaji simu za watu alikuwa na paneli ya jua, Florence akajaribu kuchomeka mashine pale, ikakohoa ikazima. Siku moja mchana majirani wa nyuma walichoma matairi ya bodaboda, moshi ukaingia ndani kama umealikwa, na Pearl akabanwa kuliko siku zote. Pikipiki hakuna, mafuta yalikuwa yameadimika mjini, vijana wote wako kwenye foleni. Florence akambeba mtoto mgongoni, mkono mmoja umeshika mashine, akakimbia uchochoro mzima mpaka kwa Janepher.

Janepher alimwona langoni. Akamwangalia mtoto mgongoni. Alitupa alichokuwa nacho, akafungua mlango wa gari, akaketi kwenye usukani, akawasha, akachomoa waya wa kisanduku akaurusha nyuma. Florence akachomeka, akamvika Pearl barakoa. Mvuke ukatoka.

Injini ilikuwa inanguruma.

"Si ulisema ni takataka?" Janepher akasema bila kugeuka. "Takataka hii inafanya nini sasa?"

"Inampa pumzi."

"Basi sema asante."

"Asante, dada." Halafu Florence hakuweza kujizuia. "Oili umebadilisha?"

"Namba haijafika. Iko mbali bado."

"Usingoje namba. Nakuomba. Kesho asubuhi nenda kwa Laku."

"Umeanza tena?" Lakini sauti ya Janepher haikuwa na ukali wa siku ile. Akageuza kioo cha ndani akamtazama Pearl. "Malaika wangu, vuta. Vuta polepole. Shangazi yuko hapa, petroli ipo."

Chini ya mngurumo wa injini Florence aliisikia ile kelele ya misumari. Kelele ndogo, bado mbali, ambayo mtu asiyeijua angedhani ni skrubu iliyolegea mahali. Ilikuwa haijanyamaza ingawa injini ilikwisha kupata moto. Akamtazama Janepher. Janepher alikuwa anampepea mtoto kwa kanga, hakusikia kitu. Kila dakika waliyokaa pale ilikuwa inakula kitu cha Janepher, na Florence peke yake ndiye aliyejua, na kuzima kulikuwa kugeuza mkono tu.

Dawa kwenye kikombe cha mashine ikaisha. Mvuke ukapungua. Florence akaweka kiganja mgongoni kwa Pearl: mbavu bado zinaingia ndani, bado kuna filimbi kifuani.

"Tayari?" Janepher akauliza, kidole kwenye ufunguo. "Nizime?"

Florence akavunja kichupa cha pili cha dawa, akamimina kwenye kikombe.

"Usizime," akasema. "Endelea."